Mwanamume Ndani ya Kipini

Nilianza kushuku siku nilipojikuta nalamba sahani ya nsansa.

Nsansa, kwa asiyeijua, ni majani ya kunde yaliyochemshwa, yakaanikwa juani mpaka yakafanana na tumbaku, kisha yakachemshwa tena na kuungwa karanga. Wanyamwezi wanaipenda. Mimi ni Mzaramo, nililetwa Tabora na mume nikiwa binti mbichi, na tangu nishuke kwenye treni nimekuwa nikiwaambia wenyeji wangu kwamba hicho si chakula, ni adhabu ambayo hawakuambiwa imekwisha. Nimekuzwa kwa tui mimi. Mimi na visheti vilivyochovywa kwenye shira tulikuwa tukiitana kwa majina.

Sasa niko jikoni kwangu, asubuhi kweupe, kidole kinazunguka sahani kutafuta mchuzi wa majani makavu. Nikakitazama kile kidole. Nikakiuliza, "We, umetumwa na nani?"

Mguu ndio uliokuwa na jibu. Chini ya unyayo wa kushoto nilikuwa na kidonda cha kisukari, kikubwa kama kizibo cha soda, kilichokataa dawa zote. Masika yote yule daktari wa ukutani, anayetokea sebuleni kwangu kila Jumatatu kichwa na mabega tu (miguu yake yeye sijui anaificha wapi), alikuwa akiniambia kwamba nisipobadili ninachokula, mguu utakatwa chini ya goti. Kisha nikavalishwa kipini. Baada ya wiki kadhaa kidonda kikaanza kujifunga kutoka pembeni, kikawa kama punje ya hindi, na daktari akacheka ukutani mpaka nikaona meno ya nyuma.

Kwa hiyo sikuwa na la kulalamikia. Hapo ndipo shaka ilipoanzia. Mimi nikipewa kitu kizuri bure, hukigeuza kwanza nikatazama matakoni mwake.

Kipini chenyewe ni kama vile walivyovaa bibi zetu, kidoa cha dhahabu kwenye pua, ila hiki kimetoka Nyumba ya Mazoea. Nusu ya Tabora wanavaa. Mwanzoni tuliwacheka wanaume. Siku hizi hata imamu anacho, na ndevu zake, na hakuna anayegeuka kutazama. Tuliambiwa kinamsaidia mtu kupenda kinachomfaa. Kinamsaidiaje, hatukuuliza. Mtu aliyeambiwa atakatwa mguu haulizi maswali marefu.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Nikila majani, Kondo anakuja.

Mwinyikondo, mume wangu, amekwenda mbele ya haki miaka mingi. Alikuwa akipaka grisi treni, enzi ambazo treni zilikuwa na magurudumu. Hizi za leo zinaelea juu ya sumaku, hazigusi kitu, hazipakwi kitu, na wafanyakazi wake wanarudi nyumbani wananukia kama hawakwenda kazini. Basi nikilikaribisha tonge mdomoni, ni kama yuko nyuma yangu, ndio kwanza katoka kazini, hajaoga, ameegemea kiti changu. Shingo inapata joto. Nakula. Nikimaliza, kaondoka.

Wala si kila siku. Siku nyingine namaliza sahani nzima asije. Napakua ya pili, naila polepole, sikio liko nyuma. Pengine anakuja kwenye ya pili. Pengine haji kabisa, na kesho yake naamkia jikoni kabla sijanawa uso.

Nilidhani ni zawadi. Mwanamke mzee, anaishi peke yake, atamfukuza mumewe mlangoni? Lakini asubuhi ile, na kidole changu kwenye sahani, nikakumbuka jambo. Kondo hakuwahi kula majani maisha yake yote. Alikuwa akisema majani ni chakula cha mbuzi, na mbuzi ni chakula chake yeye, kwa hiyo keshayala. Sasa mtu wa namna hiyo afe, akae huko, halafu arudi kunipigia debe nsansa?

Huyo si Kondo, nikasema. Au kama ni Kondo, kuna mtu kamwajiri.

*

Jirani yangu ni Bi Nyamizi, Mnyamwezi wa kuzaliwa, mtani wangu wa kudumu. Tumetukanana tangu ujana bila kukosana hata siku moja. Naye ana kipini, kwa ajili ya presha.

Nikamkuta ukumbini anachambua mchicha kwa mapenzi kama anasuka mtoto nywele.

"Hodi kwa wapagazi!"

"Karibu, Mzaramo. Umekuja kuuza shamba ucheze ngoma?"

"Nimeshauza, nimecheza, nina njaa. Nyamizi, wewe ukila hayo majani unasikia nini?"

Akanitazama. Mkono ukasimama kwenye mchicha. "Nasikia nini kivipi?"

"Usinifanye mtoto. Kuna kinachokuja?"

Akageuka kuangalia mlango, halafu akashusha sauti, yeye ambaye sauti yake inaamsha mtaa. "Mvua," akasema. "Ile mvua ya kwanza inapopiga vumbi kwa mama yangu kule Sikonge. Na moshi wa zizi. Nakuwa mtoto, Bi Havintishi. Mimi na umri huu, nakuwa mtoto na bakuli la mlenda."

"Uliwaambia habari za mvua hiyo, pale Nyumba ya Mazoea?"

"Waliniuliza napenda harufu gani. Nikawaambia. Wewe hukuwaambia?"

Nikaanza kucheka, kisha kicheko kikakwama. Maana nilikumbuka nilichowaambia mimi.

Aliyenipokea siku ile alikuwa kijana mmoja mnene mpole, Mihayo. Mnyamwezi. Akanikalisha mbele ya mashine yenye kisikio kama ua la boga, akasema, "Bibi, taja harufu unazozipenda, mashine inasikiliza." Sasa wewe niambie: Mnyamwezi kaniuliza swali, nami ni Mzaramo, nitamjibu sawasawa? Nitakuwa sina adabu? Nikamwambia napenda harufu ya Mnyamwezi aliyebeba mzigo kutoka Ujiji. Mihayo akacheka mpaka akashika meza. Akauliza, na marehemu mzee? Nikasema yule alinuka beberu, nilimkubali kwa ajili ya baiskeli yake. Tukaendelea hivyo, yeye anafuta machozi, mimi naongeza chumvi. Na Mihayo kama mtani hakuweza kuniambia, bibi, sasa sema kweli. Ingekuwa kunikatiza utamu. Lakini ile mashine haikufundishwa utani. Iliandika yote kama kiapo.

Ndiyo maana wiki za mwanzo kipini kilininyima raha kabisa. Kila nikishika kijiko, beberu. Mtu wa jasho. Nikarudi kwenye visheti kwa siri, na kidonda kikapanuka. Halafu mjukuu wangu Shemsa akaja, akasema, "Bibi, nipe kipini nikusafishie." Akakaa nacho, akanirudishia. Tangu hapo, nsansa ikawa tamu.

"Nyamizi," nikasema, "vua kipini chako. Tubadilishane."

"Astaghfirullah! Kitu cha puani?"

"Tumenyonyeshana watoto, leo utaona kinyaa pua?"

Tukavisugua kwa limau, tukavivaa kinyume. Nyamizi akaleta mchicha uliobaki na bakuli. Nikala mimi kwanza. Hapo hapo ikanyesha. Naapa, nilisikia mvua ikipiga vumbi, nikasikia ng'ombe, na nikamtamani sana mama ambaye si wangu. Machozi yakanilengalenga kwa huzuni ya watu wengine.

Nyamizi akatia tonge mdomoni. Akaacha kutafuna. Akaweka mkono kifuani.

"We, Mzaramo," akasema. "Kuna mwanamume ndani ya kipini chako."

"Yukoje?"

"Mafuta ya mashine. Sabuni ya mche. Na… anatafuna karafuu?" Akafumba macho. Akala tonge la pili. La tatu.

"Nyamizi, basi."

"Ngoja kidogo."

"Nimesema basi! Rudisha mume wangu!"

Alikirudisha, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyekatizwa. Hatukutaniana tena siku ile.

*

Nilirudi nyumbani nikafungua sanduku. Koti la kazini la Kondo limo humo, halijafuliwa tangu alipolivua. Huwa silifungui ovyo. Kila Idi, na siku ile moyo unapokuwa mzito, nalitoa, naweka uso kwenye kola, nalia kidogo, narudisha. Ndiyo sadaka yangu. Grisi ya namna ile haipo tena duniani. Harufu ile imebaki ndani ya koti lile, na ndani ya pua za watu wawili.

Nikaweka uso kwenye kola.

Mdomo wangu ukajaa mate.

Sikulia. Nilimeza. Nikanusa tena kwa makusudi, nikimwita kwa jina, Kondo, Kondo, na tumbo likaguna kama la mbwa aliyesikia sufuria. Nikamtafuta uso wake, nikaona sahani. Nikakaa sakafuni na koti mapajani, na nitakwambia kweli, katika mambo yote ambayo mwili wangu umenifanyia uzeeni, na umenifanyia mengi, hili ndilo lililonitia hofu.

Kisha hofu ikakaa pembeni, hesabu ikaja. Pua mbili. Moja ninayo mimi, nami niliwaambia beberu. Ya pili ni ya mtoto aliyelelewa humu humu, aliyekuwa akibebwa mabegani na babu yake kutoka karakana mpaka mlangoni, mashavu yake kwenye kola hii hii. Mtoto huyo leo ni fundi wa mazoea, amesomea akili za watu. Na ndiye aliyeniambia, nipe nikusafishie.

Nikavaa baibui.

*

Nyumba ya Mazoea iko nyuma ya stesheni ya zamani, jengo jeupe lenye paa la kukusanyia jua. Ndani huwekewi tunda upande mmoja na keki upande wa pili uchague. Kila kitu kimewekwa ili mkono uende wanakotaka. Maji yako usawa wa macho. Soda ziko chini, nyuma ya mlango mgumu. Sahani zao ni ndogo na za bluu. Zamani nilikuwa naona ni unadhifu. Siku ile niliona ni mtego wa panya uliopakwa rangi.

Mihayo akaniona. "Aa! Bibi Mzaramo! Shikamoo. Leo umeniletea tusi gani?"

"Marahaba. Leo sina. Nimekuja kumkamata mwizi."

Akacheka. Akaniangalia vizuri. Akaacha kucheka, akanionyesha mlango.

Shemsa alikuwa amekaa mbele ya chupa ndogo ndogo, nyingi kama za duka la uturi. Alikuwa na kipini chake puani. Wafanyakazi wote wanavaa. Akainuka haraka.

"Shikamoo, bibi. Mguu vipi, umekuja kwa mguu?"

"Marahaba, mke mwenzangu." Ndivyo ninavyomwita tangu alipojua kutambaa, maana mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, na tulikuwa tukigombea paja la Kondo kila jioni. "Nimemfuata mume wangu. Nasikia amelala kwako."

Damu ikamwondoka usoni. Hakuuliza mume gani.

"Bibi, kaa."

"Nitasimama, ili ujue nina miguu miwili. Nieleze. Na usinieleze kama unavyowaeleza wafadhili."

Akajishika mikono. "Mtu hali kwa sababu ana njaa tu," akaanza. "Anakula kwa sababu kuna kitu kimemgusa. Saa fulani, kiti fulani, upweke, harufu. Sisi tunakiita kichokozi. Kikimgusa, mkono unakwenda wenyewe bila ruhusa yake. Mwisho wake kuna tuzo, ule utamu. Jambo likirudiwa, linakuwa njia kama njia ya ng'ombe. Wewe jioni ukisikia upweke, mkono ulikuwa unakwenda kwenye visheti. Kukwambia acha, ni bure. Ningekwambia mpaka leo. Inabidi mtu achimbiwe njia nyingine, na mwisho wake awekewe tuzo kubwa kuliko shira."

"Ukaniwekea Kondo."

"Harufu inaingia kichwani bila kubisha hodi. Inakwenda moja kwa moja kwenye kumbukumbu. Hakuna kitu kingine kinachofika haraka hivyo."

"Sikukuuliza njia. Nimeuliza mtu."

"Ndiyo," akasema. "Nilikuwekea babu."

"Na mbona siku nyingine haji?"

Akaanza kupanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Shemsa. Mbona siku nyingine haji?"

"Tuzo ikija kila mara, mtu anaizoea, inapoteza nguvu. Ikija kwa kubahatisha… mtu anaendelea kuitafuta."

"Kwa hiyo mlinifanya nimngoje."

"Bibi…"

"Nimepakua sahani ya pili nikamngoja. Nimekaa kwenye kiti sikio nyuma, kama mwari, namngoja mtu niliyemwosha mwenyewe alipokufa. Kumbe kipini kinabahatisha leo aje, kesho asije. Hata yeye alipokuwa hai, na ulevi wake wa bao, hakuwahi kunichezea hivyo."

Alikuwa analia sasa, bila sauti. Mimi sikuwa nimemaliza.

"Leo nimenusa koti lake. Unajua kilichotokea?"

"Mate," akasema.

Nikamtazama.

"Najua, bibi. Na mimi imenipata, kwa namna nyingine." Akajifuta kwa mkono wa shati. "Ulikuwa umeijaza mashine beberu na wapagazi. Kidonda kilikuwa kimefika karibu na mfupa, daktari alikuwa ameshachagua siku ya kukata. Hukuwa unatuambia kweli, na babu hakuwepo wa kuulizwa. Nilikuwa nimebaki mimi tu. Nikaenda makumbusho ya reli, nikawaomba wanifungulie mtambo wa zamani ninuse. Nikachanganya. Nikawa nanusa, nasema siye. Naongeza karafuu, nanusa, siye. Nilimtafuta hivyo mpaka nikampata. Na nilipompata, bibi, nilikuwa nimemnusa mara nyingi mno. Uso bado nauona, lakini ile harufu sasa nikiisikia nafikiria vipimo. Babu amekuwa kazi."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengine, makali, nimeyanoa njia nzima. Yakanipotea. Nilikuja kumkamata mwizi, nikamkuta mwizi naye kaibiwa.

Lakini kumhurumia mtu si kumwachia.

"Ungeniuliza."

"Ungekubali?"

"Ningekataa."

"Ndiyo maana sikukuuliza."

"Hapo ndipo ulipoharibu. Si kwenye karafuu. Hapo."

"Na mguu?" Akapandisha sauti, na ikamtoka ile sauti yake ya utotoni ya kudai paja. "Unazungumza habari ya koti! Nani angekuogesha? Nani angekubeba chooni? Ni mimi, bibi! Wewe unaona niliuza kumbukumbu yako. Mimi niliona mguu wako kwenye ndoo!"

Mihayo akachungulia mlangoni. Nikamwambia, "Toka, mpagazi, huu ni ugomvi wa wake wenza." Akatoka.

Tukakaa. Nilikaa mwishowe; mguu ulikuwa unapiga kama ngoma. Kila mmoja alikuwa na haki, na hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote, maana hakuna wa kumpiga. Nikikivua kipini, nitarudi kwenye shira, najijua. Nikikiacha, Kondo ataendelea kupungua, tonge kwa tonge, mpaka siku nitakayosikia jina lake nitafute kijiko.

"Inaweza kubadilishwa," Shemsa akasema polepole. "Ukinipa harufu nyingine unayoipenda. Ya kweli, safari hii. Babu tunamtoa. Pengine baada ya muda koti litarudi kuwa koti. Siahidi, lakini pengine."

"Harufu nyingine ninayoipenda."

"Ndiyo."

"Nitie wewe."

Hakuelewa.

"Nitie wewe humo. Utosi wako ulipokuwa mchanga, mafuta ya nazi na maziwa yaliyochacha. Naipenda kuliko hata grisi, na Kondo anajua. Mafuta ya nazi yapo, maziwa yapo. Changanya."

Niliona mkono wake unakwenda shingoni. Akarudi nyuma kidogo na kiti chake.

"Hapana," akasema.

"Kwa nini? Haitafanya kazi?"

"Itafanya."

"Basi?"

"Bibi, nikija kukusalimu ukanikumbatia, nitakuwa najiuliza unanifurahia au una njaa."

"Ehee," nikasema.

Nilimwacha akae na maneno yake mwenyewe chumbani mle, yeye na chupa zake. Nje treni ilipita. Siku hizi hazina kelele, unaona tu maji yanatetemeka kwenye bilauri. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nilijua ameona alichonitenda. Kumtia babu yake ilikuwa rahisi, babu hakuwa na mdomo wa kuuliza.

Nikapeleka mkono puani. Kipini kina kiparafujo kidogo ndani. Vidole vyangu vina baridi yabisi, nikahangaika nacho, nikapiga chafya mara kadhaa, aibu tupu. Kikatoka. Nikamwekea kiganjani.

"Mtoe humo," nikasema. "Usimtupe. Mtoe kwa adabu."

"Na kidonda?"

"Kidonda ni changu. Wewe njoo mchana tule pamoja. Huko kwenye upweke ndiko unakosema mkono unaanzia, sivyo? Basi njoo ukae hapo kwenye upweke. Bila mafuta, bila maziwa. Kama hutaki, sema hutaki, nami nitajua nimekataliwa na mtu mzima."

"Haitoshi, bibi. Kitaalamu haitoshi."

"Najua."

*

Wala haikutosha, nisikudanganye. Kidonda kilichelewa, na kidole kidogo cha mguu ule nilikuja kukipoteza. Daktari wa ukutani alinisema kama mtoto wa shule. Lakini hayo ni ya baadaye. Mimi nataka kukueleza ule mchana wa kwanza.

Shemsa alikuja na jasho, ametembea kutoka kazini. Nilikuwa nimepika nsansa na ugali wa mtama. Kishawishi cha visheti kilikuwa kimenikalia kooni tangu asubuhi. Muuzaji amepita mara mbili akipiga kelele makusudi dirishani kwangu, na mara ya pili nilikuwa nimeshafika kwenye kitasa.

Tukaweka sinia moja katikati. Nikanawa. Nikamtazama.

"Na hicho cha puani mwako?"

Akajishika. Alikuwa amekisahau. "Hiki changu, bibi. Nimekizoea tangu chuo."

"Ndani yake kuna nani?"

Akageuza uso ukutani, akahangaika na kile kiparafujo, akakivua, akakiweka kwenye kisosi.

"Anza wewe," nikamwambia.

"Wewe ndiye mkubwa."

"Mimi siwaamini watu wa Nyumba ya Mazoea. Anza nikuone."

Akamega ugali, akachovya, akatia mdomoni. Mtoto wa watu amekula majani tangu chuo na kipini puani. Hakuwahi kukutana nayo uso kwa uso. Alitafuna mara moja. Macho yakamtoka. Akatafuta pa kutemea, akakumbuka yuko mbele ya bibi yake, akameza kama anameza ufunguo.

"Ni chungu," akasema. "Bibi, ni chungu hivi?"

"Miaka yote nawaambia watu wa hapa, hawasikii."

Nikamega langu. Nikaligeuza kwenye mchuzi. Nyuma ya kiti changu palikuwa na ukuta tu, na ukuta haukuwa na joto. Nilisubiri kidogo, siwezi kukataa. Mwili ulisubiri wenyewe. Kisha nikalitia mdomoni, na lilikuwa na uchungu wake wote, majani makavu ya Wanyamwezi, hakuna kilichofichwa.

Shemsa alikuwa amesimamisha mkono juu ya sinia, ananitazama, anangoja kuona kama nitaendelea.

"Kula, mke mwenzangu," nikamwambia. "Hakuna anayekuja."